Mraba wa Tisa

Enzi zile simu zilipokuwa zikiunganishwa kwa mkono, mji mzima ulipitia kwenye vidole vya mama mmoja. Alikaa mbele ya swichibodi, ubao uliojaa matundu kama sega la nyuki, waya mkononi, vidude masikioni, na neno lake lilikuwa moja: subiri. Subiri nakuunganisha, subiri bado anaongea, subiri bwana usinipigie kelele. Wenzake wakambandika jina la Bi Subiri, likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Nambari zote alikuwa nazo kichwani: ya zimamoto, ya mwuza mbao, ya daktari wa meno, na ya yule mwanamke wa daktari wa meno ambaye mkewe hakumjua. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, waunganishaji wakarudishwa nyumbani na vyeti vya shukrani. Lakini hata leo ukimwamsha Bi Subiri usingizini ukamtajia duka lililofungwa zamani, atakupa nambari yake kabla hajafumbua macho.

Alikuwa na binti mmoja. Utotoni binti huyo aliongea tangu kunakucha mpaka kunakuchwa, ndiyo maana mamaye akamwita Kasuku. Alipokua, Kasuku akanyamaza. Akawa fundi miwani, na kazi ya miwani haitaki maneno mengi. Siku nzima yuko kwenye karakana iliyo nyuma ya duka, ameinamia mashine ya kusaga lenzi, maji yanatiririka juu ya jiwe, unga mweupe umemjaa kwenye mikunjo ya vidole. Lenzi ikisagwa kupita kiasi, hata kwa unene wa unywele, haikai kwenye fremu. Ikikaa upande, mteja ataona ngazi mahali pasipo na ngazi, na akianguka atakuja kukuuliza wewe.

Sasa, huyu Kasuku alimnunulia mamaye kompyuta, akamfundisha kuiwasha, akadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Bi Subiri alizipenda tovuti zake: gazeti la Papohapo, hali ya hewa, mafumbo ya maneno, redio ya michezo ya kuigiza ya zamani, na nyingine moja ya ajabu ambayo haina kitu ila sauti za ndege. Lakini kila alipotaka kufungua mojawapo, alisema amesahau anwani. Basi anapiga simu karakana.

"Kasuku, nitajie ile ya gazeti."

"Mama, si nilikutajia jana?"

"Jana ni jana. Nitajie."

Kasuku anaibana simu kati ya bega na sikio, lenzi mkononi, anaanza kutaja. Bi Subiri anarudia kila herufi, kama alivyofunzwa, maana mwunganishaji asiyerudia alichoambiwa ipo siku atamuunganisha bwana harusi na mchumba wake wa zamani.

"P."

"P ya paka. Halafu unajua, yule paka wa jirani kaingia kabatini kwangu! Kajilaza juu ya mashuka yangu mema, na mimba hiyo."

"A, Mama."

"A ya asali. Ngoja. Hii A imekimbilia wapi? Jana ilikuwa hapa. Haya, nimeikamata. Bomba la mvua nalo limeanza kuvuja tena, lakini usijali."

"P tena."

"P ya paka. Na hii nayo imejificha. Vitufe vyako hivi vina miguu, mwanangu."

Kasuku alicheka, akamwambia avae miwani yake vizuri. Kufika herufi ya mwisho, chai yake mezani ilikuwa imeshaota utando.

Siku moja simu iliita wakati Kasuku anasaga lenzi ya fundi saa, lenzi nene ya kuagizwa, iliyosubiriwa mpaka mteja akachoka kuulizia. Mkono ulishtuka. Kilisikika kitu kidogo tu, tik, na ukingo wa lenzi ukamegeka. Mwenye duka alikuja, akaitazama, wala hakufoka. Alikuwa mtu wa kushusha pumzi, na pumzi zake ziliuma kuliko matusi.

"Bibi fundi," alisema, "simu za mama yako zitatufungia duka."

Kasuku alitamani ardhi ipasuke. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mamaye na dawa mkononi.

Dawa yenyewe ilikuwa kijiprogramu cha bure, hivi vinavyopachikwa kwenye kivinjari, ambacho wajuzi hukiita kiendelezi. Ukishakipachika, kila ukifungua ukurasa mpya unakuta miraba tisa imejipanga, kila mraba una picha ya tovuti uipendayo. Huna haja ya kuandika anwani wala kushika kipanya. Bonyeza moja, gazeti hilo. Bonyeza mbili, hali ya hewa. Tatu mafumbo, nne redio, na kuendelea hivyo mpaka nane, ndege wakaimba. Kasuku aliweka tone la gundi ya fremu juu ya kitufe cha tano, likakauka likawa kinundu, ili kidole kijue katikati ni wapi hata bila kutazamwa. Aliona fahari kwa ubunifu ule. Mimi ningekuwepo ningempongeza pia, kwa hiyo tusijifanye wajuzi baada ya mambo kuharibika.

Bi Subiri alijaribu moja, akajaribu nne, akajaribu nane. Akapiga makofi.

"Hii ni swichibodi! Kasuku, umenirudisha kazini!"

"Na huu wa tisa," Kasuku alisema, "ni mimi." Kwenye mraba wa mwisho, pembeni chini, alikuwa ameweka picha yake mwenyewe akiwa na aproni ya kazi. Ukibonyeza tisa, simu ya video inaita karakana. "Ila Mama, mikono yangu mara nyingi imeshika kitu. Huu uuache kwa jambo la lazima."

"Laini ya dharura," alisema mamaye.

"Eeh, tuseme hivyo."

Alilisema jambo lile kwa wepesi, kama mtu anayesukuma mlango kwa kisigino huku akiondoka. Hakujua amemkabidhi mamaye nini. Kwenye swichibodi ya zamani palikuwa na tundu moja la pembeni lililopakwa rangi nyekundu. Lile lilikuwa la dharura, halikuguswa ovyo. Waweza kuwa na homa, waweza kuwa na kiu, waweza kuwa umesikia kwamba mumeo kaonekana mahali, tundu jekundu huligusi. Mwunganishaji mmoja alilitumia kuongea na mchumba wake, dakika chache tu, na jioni ileile akakabidhi vidude vyake vya masikioni. Bi Subiri alikuwa amekaa kiti cha pembeni yake. Aliliona jambo hilo kwa macho, na halikumtoka maisha yake yote.

Basi simu zikakoma.

Mwanzoni utulivu ule ulikuwa mtamu jamani, tusiseme uongo. Lenzi hazikumegeka. Chai ilinyweka ikiwa moto. Mwenye duka alishusha pumzi za kuridhika, na haukupita muda mrefu akamfanya Kasuku mkuu wa karakana. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kusagiwa na yeye. Jumapili za kwenda kwa mama zikaanza kuruka, hii kuna hesabu ya vifaa, ile kuna uchovu. Kila alipokwenda aliuliza, "Kile kitu kinafanya kazi?" na mamaye akajibu, "Kinafanya kazi kuliko mimi," wakacheka.

Mara mojamoja Kasuku mwenyewe alipiga simu.

"Kuna nini?" Bi Subiri alipokea kwa pupa. "Nani kaumia?"

"Hakuna, Mama. Nakujulia hali tu."

"Mimi mzima. Rudi kazini, mwanangu, usishike laini." Na simu ikakatwa.

Kasuku aliona uchungu kidogo. Aliona pia nafuu, na hiyo nafuu ndiyo aliyokuja kuilia baadaye.

Dalili zilikuwepo. Mama anamimina chai, nyingine inakwenda kwenye sahani. Mama anapita mlango wa jikoni, bega linagonga fremu, anaiambia fremu samahani. Mama ambaye zamani alikusimulia Papohapo mpaka matangazo ya vifo, sasa hasemi habari za gazeti hata moja, ni michezo ya redio tu. Kasuku alimletea miwani mpya ya kusomea, akaisaga kwa mkono wake mwenyewe. Mamaye aliivaa, akasema, "Nzuri, nyepesi." Hakusema anaona, alisema nyepesi. Fundi mzima hakusikia tofauti. Uzee, alijiambia, akaangalia saa.

Ukapita mwaka na kitu. Mchana mmoja umeme ulikatika mtaa mzima wa duka, mashine zikasimama, mwenye duka akashusha pumzi na kuwaruhusu waende. Kasuku akaona ngoja amshtukize mama.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mwanamume aliyejaa furaha, anasifu matairi ya magari. Matairi yasiyoteleza, matairi ya familia yako. Bi Subiri alikuwa amekaa wima mbele ya kompyuta, mikono juu ya vitufe kama mtu aliye zamu, anamsikiliza kwa adabu zote.

"Mama, unanunua gari?"

"Ah, Kasuku! Umenitisha. Nani kaumia?" Akatulia. "Gazeti letu limeharibika, mwanangu. Nabonyeza moja, linauza matairi. Wiki ya ngapi sijui. Nasubiri wamalize tangazo wanipe habari, hawamalizi."

Kasuku aliinama kutazama. Kiendelezi kilikuwa kimejiboresha chenyewe, kama vinavyofanya vitu hivi bila kumuuliza mtu, na waliokitengeneza wakachomeka tangazo lao kwenye mraba wa kwanza. Kila kitu kikasogea nafasi moja. Gazeti limehamia mbili, redio tano, ndege wako tisa. Na ile picha ya mwanamke mwenye aproni haikuwepo tena. Ilikuwa imesukumwa nje ya ukurasa.

"Mama, lakini si unaona kwamba hili si gazeti? Limeandikwa matairi, herufi kubwa hizi."

Bi Subiri aligeuza kichwa kama ndege, huku na huku, akiitafuta skrini.

Dukani kwao kulikuwa na mpimaji macho, na Kasuku alikuwa amemwona mara nyingi akifanya jambo moja. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mamaye, magoti kwa magoti.

"Nitazame puani. Usitazame kwingine. Nikikuonyesha kidole, niambie."

Alinyoosha mkono mbali upande wa kulia, akatikisa kidole. Kimya. Akakileta karibu. Kimya. Akakileta zaidi, mpaka kidole kikawa karibu na shavu lake mwenyewe.

"Hicho," alisema Bi Subiri. "Hicho nakiona."

Upande wa kushoto ulikuwa hivyohivyo. Mamaye alikuwa anautazama ulimwengu kupitia tundu la ufunguo, na mwanaye, msaga lenzi anayesifiwa mji mzima, hakuwa na habari. Penye miti hapana wajenzi, na penye miwani pia.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mtulivu aliyeongea huku ameushika mkono wa mgonjwa. Presha ya macho, alisema. Haiumi, haiwashi, inaanza kula pembeni polepole na kuacha katikati, ndiyo maana mtu anajiona mzima. Atampa matone ya asubuhi na jioni. Matone yatalinda kilichobaki.

"Na kilichokwenda?" Kasuku aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Hakirudi. Mngekuja mwaka jana tungeokoa mengi." Hakusema kwa kulaumu, alisema kwa sababu aliulizwa.

Walikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Watu walipita na kadi zao mikononi. Kasuku alikuwa anaziwaza zile A na P. Kwenye vitufe vya kompyuta A iko pembeni kabisa kushoto, P iko pembeni kabisa kulia. Mamaye alikuwa amemwambia ugonjwa wake kwenye simu, herufi kwa herufi, naye akacheka. Halafu akaenda akamtengenezea chombo kisichohitaji herufi wala macho, tone la gundi na nambari tisa, akauziba ule mlango mmoja ambao ugonjwa ule ungetokea ukaonekana. Mama angeendelea kutajiwa anwani kila siku, angepotewa na herufi kila siku, hata kiziwi angeshtuka.

"Kwa nini hukunipigia, Mama? Si nilikuwekea tisa?"

"Ulisema ya dharura." Bi Subiri alikunja leso yake, akaikunjua. "Dharura ni moto, mwanangu. Ni ajali, ni mama anayejifungua usiku. Jicho langu halikuwa linaungua. Nilikuwa naona katikati."

"Mama..."

"Lakini nilibonyeza. Mara moja. Kuna asubuhi niliamka nikaona kuta zimenisogelea, nikaogopa. Nikasema hii sasa imekuwa dharura, hata bosi hatanigombeza. Nikabonyeza tisa." Alitabasamu kama mtu anayeomba radhi. "Wakaimba ndege."

Kasuku alimgeukia.

"Nikajua umeihamisha laini," Bi Subiri alisema. "Kazi zimekuwa nyingi, umekuwa mkubwa pale. Sikuona vibaya. Laini huhamishwa. Nikasikiliza ndege wangu, wakanituliza."

Kasuku alitaka kusema kwamba si yeye, ni matairi, ni watu asiowajua waliosogeza miraba. Yote yalikuwa kweli. Lakini mdomo ulikataa, kwa sababu kabla matairi hayajamsukuma nje ya ule ukurasa, yeye mwenyewe alishajiweka pembeni chini, mahali pa mwisho, akasema asiguswe. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wake alikuja mapema, akampakata palepale kwenye benchi, akalia bila kuficha uso. Mamaye alimpapasa mpaka akalipata bega.

"Subiri," alimwambia. "Subiri, itapita."

Haikupita. Matone yalifanya kazi yake na kuta hazikusogea tena, lakini zilipokuwa ndipo zilipobaki. Kasuku alikifuta kiendelezi, akaweka kingine kisicho na matangazo, moja ikawa gazeti tena, na safari hii akajiweka nambari tano, chini ya kile kinundu cha gundi, akasema, "Bonyeza wakati wowote, Mama, hata ukitaka kuniambia bomba linavuja." Bi Subiri aliitikia ndiyo mwanangu, nimesikia. Hakubonyeza. Huwezi kumpaka mtu woga wa tundu jekundu kisha ukaufuta kwa Jumapili moja. Kasuku alikaa karakana akiisikilizia simu siku baada ya siku, na simu ikawa kama jiwe.

Asubuhi moja alikuwa na lenzi kwenye mashine. Akaizima mashine. Maji yakaacha kutiririka, akajifuta mikono kwenye aproni na kupiga yeye.

"Kuna nini?" Bi Subiri alisema. "Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia. Mama, nataka nikusomee gazeti, lakini nimesahau anwani ya Papohapo. Nitajie."

Kisha sauti ikaja, si ya mgonjwa wala ya mzee, ile ya swichibodi, imenyooka kama waya.

"Andika. P ya paka. A ya asali. P ya paka. O ya omba. H ya hapa. A ya asali. P ya paka. O ya omba. Nukta." Akaendelea na zilizobaki mpaka ya mwisho, bila kusita, bila kurudi nyuma, wala hakukosea hata moja.

Kalamu ya Kasuku haikuwa imeandika kitu. Alikuwa amesimama katikati ya karakana na simu sikioni, anamfikiria mtu aliyebeba nambari za mji mzima kichwani, aliyekuwa akimpigia bintiye kila siku kusema amesahau neno moja la herufi nane.

"Umepata?" Bi Subiri aliuliza.

"Sijapata, Mama. Rudia. Polepole."

"P ya paka," mamaye alisema, kisha akashusha sauti, kama anayeangalia huku na huku asije akaonekana na msimamizi. "Unajua, yule wa jirani kazaa tena? Kabatini mwangu, juu ya mashuka."

Kasuku alivuta kiti akakaa. "Wangapi?"

"Wanne, nadhani. Sikuwaona. Niliwashika."